Tiki Nyekundu za Baba

Ile dawa ya mbu iliyoviringishwa, inayowashwa ncha na kuwekwa juu ya kibati, ndiyo imenichokoza. Mjukuu wangu aliileta wiki jana, akaiwasha chini ya kiti changu bila hata kuniuliza, na kabla moshi haujafika dirishani mimi sikuwa tena Nakuru mjini. Nilikuwa juu kule upande wa Kuresoi, nimesimama kwenye mlango wa banda la kukaushia pareto, yale maua yanayotoa dawa hiyo, macho yananiwasha, pua inatiririka, na rafiki yangu Nyambura ananivuta mkono akisema tutachapwa tukikutwa. Nikamwambia mtoto aizime. "Shosh, kwani uko na aleji?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, nina aleji, kwa sababu sikuwa na nguvu za kueleza mengine.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye mashamba ya wazungu mnaijua harufu hiyo. Maua meupe yenye vitovu vya manjano, yakichumwa hayana makuu, lakini yakitandazwa kwenye trei za waya na moto ukiwashwa chini yake, banda zima linanuka majani makavu na uchungu fulani unaokaa kooni mpaka jioni. Nzi hawakuingia mle. Sisi watoto tuliingia, kwa sababu kulikuwa na joto, na Kuresoi asubuhi kuna baridi ya kukata masikio. Mwenye kulitunza banda lile alikuwa Baba Nyambura. Aliweza kupitisha mkono juu ya trei na kujua kama moto umezidi, na inasemekana hakuwahi kuunguza hata trei moja. Kwa sababu ya mkono huo, familia yake ilikuwa bado iko shambani wakati Wakikuyu wengine walikuwa wameshapakiwa kwenye malori.

Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, wapiganaji wakiwa wamejificha misituni. Malori yalikuwa yanapita barabarani yamejaa watu, mbuzi na masufuria, na watu wazima walisema hao wanarudishwa kwao. Nyambura aliniuliza, "Kwao ni wapi?" Sikujua. Yeye alizaliwa kwenye kambi yetu ya wafanyakazi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kwao kwingine hakukujua. Bwana Miwani, maana ndivyo tulivyomwita mwenye shamba, alikuwa ameomba aachiwe familia tatu tu za Kikuyu, na ya kwanza ilikuwa ya mtu wa banda. Ruhusa ile ingeweza kufutwa siku yoyote kwa neno moja baya. Hilo hata sisi watoto tulilijua.

Baba yangu alikuwa karani wa shamba. Alikuwa mtu mfupi, mnadhifu kupita kiasi, aliyetoka Maragoli na cheti cha shule na Biblia, na akaamini kabisa kwamba vitu hivyo viwili vinatosha kumfikisha mtu popote. Alizungumza Kiingereza na kila mzungu aliyekutana naye. Wao walimjibu kwa Kiswahili chao kile kibovu, makusudi, kumwonyesha kwamba amevuka mpaka. Yeye hakujali, au alijifanya hajali. Mzungu anasema, "Karani, leta hapa hii karatasi," naye anajibu kwa sentensi ndefu ya Kiingereza yenye koma mbili. Nilipokuwa mdogo niliona huo ni ushujaa, ingawa siku hizi nikiukumbuka huwa nakasirika, na sijui hasa nani ananikasirisha.

Siku moja Memsabu, mke wa Bwana Miwani, alikuwa anachoma vitabu vya zamani vilivyoliwa na mchwa. Baba akaomba kimoja. Akaja nacho nyumbani amekikumbatia, kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, nene kama tofali, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Pembeni mwa baadhi ya maneno kulikuwa na alama ndogo ya msalaba. Baba aliichunguza alama ile siku kadhaa, kisha akatoa uamuzi: hayo ni maneno ya Kikristo, na kwa hiyo ndiyo maneno bora, na mimi nitaanza na hayo. Miaka mingi baadaye, nilipofika shule ya bweni, mwalimu wangu mmoja wa kizungu aliniambia, huku akijizuia kucheka, kwamba msalaba ule uliwekwa kwenye maneno yaliyokufa, ambayo hakuna Mwingereza aliyeyatumia kwa zaidi ya miaka mia. Mimi nilikuwa nimejazwa Kiingereza cha makaburini. Nililia chooni siku ile.

Lakini utotoni niliyapenda. Baba alikuwa hafundishi neno mojamoja. Alitafuta jambo moja, akakusanya maneno yake yote ya msalaba. Mwezi ule jambo letu lilikuwa kuandamana na watu, kukaa nao, kuwa na mwenzako. Sikujua kwamba Waingereza waliwahi kuwa na vitenzi vingi hivyo vya kitu kimoja. "Neighbour," ambalo kila mtu analijua kuwa ni jirani, kumbe waliwahi kulifanya kitenzi, mtu anajirani na mwenzake. "Fellow" nalo lilikuwa kitenzi, kumfanya mtu mwenzako. "Company" pia, na "sort", na hata "converse", ambalo leo ni kuzungumza tu, kumbe zamani lilikuwa kuishi na mtu, kuingia na kutoka kwake. Kulikuwa na "consort" pia, lakini hilo halikuwa na msalaba, na Baba akaliruka. Alisema si zuri sana.

Sheria zake zilikuwa tatu. Neno halikubaliki bila sentensi. Sentensi iwe na watu wa hapa hapa tunaowajua. Na iwe ya kweli. Niliwahi kuandika kwamba simba alijirani na mfalme, nikajiona nimefanya jambo kubwa, na Baba akachana ukurasa wote. "Simba gani?" akauliza. "Mfalme gani? Umemwona wapi? Rasoa, ukisema uongo kwa Kiingereza bado ni uongo." Akanichapa rula mbili kiganjani. Sentensi iliyopita aliitilia tiki kubwa kwa penseli nyekundu ya ofisini, na mimi niliitafuta tiki ile kuliko nilivyotafuta sukari.

Kwa hiyo nikawa napita kambini na daftari, nikiangalia nani anakaa na nani. Sasa mnaweza kuona upumbavu wenyewe, lakini mtoto wa miaka tisa aone nini? Niliandika kwamba Mama Nyambura anajirani na mama yangu na wanagawana moto, jambo ambalo lilikuwa kweli kila asubuhi. Niliandika kwamba mpishi wa Bwana hana mwenzake ila paka. Niliandika kwamba mimi na Nyambura tunaandamana kwenda mtoni, tunaandamana kuchuma pareto, tunaandamana kila mahali, na kwa hilo nilitumia vitenzi vitatu tofauti na kupata tiki tatu. Nyambura hakuwa anasoma, lakini alishika daftari lile na kuniuliza, "Mimi niko wapi hapa?" Nikamwonyesha jina lake. Akaligusa kwa kidole, akacheka, akaniambia nimwandike tena.

Yeye ndiye aliyenipa ile sentensi nyingine. Nilikuwa nimeishiwa watu, nimebakiwa na kitenzi kimoja, na nilitaka kumaliza upesi tukacheze. Nikamuuliza baba yake huwa na nani siku ya mapumziko. "Huwa anaenda kwa wapasua mbao," akasema. "Mjomba wangu ako huko msituni. Anawapelekea unga." Nikaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba Baba Nyambura hufuatana na wapasua mbao msituni kila Jumapili na huwapelekea unga.

Baba aliisoma ameketi kwenye kizingiti, buti zake amezivua. "Ni kweli hii?" akauliza. Nikasema ni kweli, Nyambura mwenyewe ameniambia. Akatia tiki. Nimejaribu sana kukumbuka kama alisita kwanza. Siku nyingine namwona akiishika penseli hewani kwa muda mrefu, siku nyingine namwona akiitia harakaharaka kwa sababu chai inapoa. Inaniudhi kwamba kumbukumbu inayohusu jambo kubwa kama hilo haiwezi kukaa mahali pamoja.

Haikupita wiki mbili, askari wakaja. Walikuja asubuhi watu wakijiandaa kwenda shambani, wakiongozwa na afisa mmoja kijana wa kizungu mwenye magoti mekundu. Watu wazima wote wakaamriwa wachuchumae kwenye safu mbele ya stoo, mikono kichwani, Mama akiwamo. Kisha wakaanza kupekua nyumba, moja baada ya nyingine. Walichokitaka kwanza ni karatasi. Kila kitu kilichoandikwa kilichukuliwa: barua, vyeti vya ubatizo, hata karatasi ya dawa ya kikohozi. Nyumba ya karani nayo haikusazwa. Niliona daftari langu linatoka mkononi mwa askari, na nitawaambia ukweli nilichohisi. Nilifurahi. Nilidhani mzungu ataliona.

Akaliona. Meza ilikuwa imewekwa kwenye baraza ya ofisi, na Baba alisimama pembeni, yeye peke yake hakuchuchumazwa. Mimi nilijisogeza mpaka karibu yake. Afisa alifungua daftari, akasoma, akaanza kucheka. Akamwita Bwana Miwani, wakasoma pamoja, wakacheka pamoja, na nikaona Baba amenyanyua kidevu kidogo. Kisha yule kijana akafika ukurasa fulani, akaacha kucheka. Akasema neno moja kwa Bwana Miwani, akaligongea kidole mezani: "consorting". Nililitambua. Ni lile lisilo na msalaba.

"Karani, kuja hapa," akasema. "Hii kitabu ya nani?"

Baba akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni la mtoto wake, la mazoezi.

"Hii alama nyekundu nani natia?"

Ni yeye, Baba akasema, na maana yake ni kwamba sarufi iko sawa.

"Mimi hapana uliza sarufi." Alipaza sauti, na nadhani mpaka mwisho wa safu walimsikia. "Hapa naandika hii mutu ya banda napeleka unga kwa forest kila Sunday. Kweli ama uongo?"

Baba akamwangalia Baba Nyambura pale chini, mikono ile kichwani. Kisha akaniangalia mimi. Halafu, kwa Kiingereza chake kile cha koma mbili, akasema kwamba ni uongo. Kwamba mtoto huyu ni mwongo kwa tabia, hutunga habari za watu, na yeye humchapa kwa sababu hiyo hiyo lakini hasikii. Kwamba asingependa bwana apoteze muda wake kwa upuuzi wa mtoto mwongo.

Afisa alimtazama kidogo. Akaangalia saa. Alikuwa ameanza kulifunga daftari. Hilo nalikumbuka bila mashaka yoyote, jalada lilikuwa linashuka.

Na mimi, ambaye nilichapwa rula mbili kwa ajili ya simba, ambaye sikuwa nimeandika neno hata moja la uongo katika daftari lile lote, niliposikia naitwa mwongo mbele ya wazungu na baba yangu mwenyewe, damu ikanipanda. Nikaanza kulia kwa hasira. Nikasogea mpaka mezani, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, sentensi iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kutunga: kwamba si uongo, ni kweli, na baba yangu aliniuliza kama ni kweli kabla ya kutia tiki.

Nadhani nilitegemea tiki nyingine.

Baba alikuwa ameweka mkono begani kwangu na mkono ule ulikuwa mzito ghafla. Afisa akalifungua daftari tena, akaangalia ile tiki nyekundu, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akasimama, akawatazama watu wote waliochuchumaa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mabanda ya ng'ombe, "Asante sana, karani."

Adhuhuri lori likaja. Baba Nyambura alikuwa ameshapelekwa peke yake na gari dogo, amefungwa mikono, na Mama Nyambura akapewa muda wa kukusanya alichoweza kubeba. Aliacha githeri jikoni. Mama yangu alikwenda kuiepua, akarudi nayo, na hakuna aliyeila. Nyambura alikaa juu ya gunia, amempakata kuku mmoja, akiniangalia bila kupunga mkono. Nilitaka kumwambia. Nilitaka pia asijue kamwe. Lori likaondoka kabla sijaamua, na kwenye banda la pareto zikaungua trei nne wiki hiyo hiyo kwa sababu mtu mpya hakujua moto.

Nilingoja kuchapwa. Nilingoja jioni ile, na kesho yake, na Jumapili. Naapa nilikitaka kiboko kile kuliko kitu chochote, nipigwe, nilie, yaishe. Baba hakunigusa. Baada ya kama wiki alinipa daftari jipya, akaketi kizingitini akafungua kamusi, akaniambia bila kuniangalia, "Kuanzia sasa andika unachotaka. Andika simba. Andika wafalme." Niliandika simba na wafalme kwa miaka miwili. Alitia tiki kila mahali, hata nilipokosea.

Kambini watu waliacha kuandamana naye. Wale waliochuchumaa hawakujua Kiingereza. Walisikia swali kwa Kiswahili, wakasikia karani akijibu maneno marefu, wakamwona mzungu akimshukuru. Wangeelewa nini kingine? Jumapili wanaume walikaa kwenye gogo nyuma ya stoo wakanywa uji na kupiga soga, na Baba alipofika, mmoja alikumbuka ng'ombe, mwingine akakumbuka kuni, mpaka gogo likabaki la kwake. Alikunywa uji wake polepole, akaosha kikombe, akarudi nyumbani. Hata Mama alimwambia mbele yangu, si mara moja, "Wewe ndiye uliyemuuza jirani yangu." Mimi nikiwa pale, na kijiko mkononi. Baba angeweza kusema maneno matatu tu, ni huyu mtoto, na mzigo ungemtoka. Hakuyasema. Mama alikufa akiamini hivyo, na Baba akafa baadaye bila kumwambia mtu yeyote, na mimi nikiwa mwanamke mzima, mwalimu, mwenye watoto wangu, nilisimama kaburini nikasoma wasifu wake kwa lugha mbili na sikuyasema vilevile. Nilijiambia si mahali pake. Siku zote haikuwa mahali pake.

Mwaka uliofuata mazishi ya Baba kulikuwa na sherehe ya kanisa huko Bahati, na akina mama kutoka matawi mbalimbali tuliitwa kusaidia mapishi. Nikapewa kisu na kuonyeshwa karai la viazi. Mwanamke aliyekuwa ameshaanza kumenya aliinua uso, akaniangalia, akasema, "Rasoa wa karani." Alikuwa amenenepa, ana miwani, na ile sauti haikubadilika. Nikaketi upande wa pili wa karai.

Tuliongea kama watu wanavyoongea. Ana shamba dogo hapo Bahati, watoto watano. Mama yake alifariki uzeeni. Baba yake hakurudi kutoka kizuizini. Waliletewa habari tu, hawakuletewa mwili. Alisema hayo akiendelea kumenya, maganda yakimtoka membamba, marefu, bila kukatika.

"Nilisikia babako alienda," akasema. "Pole."

"Asante."

"Nataka nikuambie kitu, na usikasirike. Mimi nilimchukia babako miaka mingi. Mama ndiye alisema mpaka kufa hatawahi msamehe. Lakini nikiokoka, nilimsamehe. Nimemwachilia kabisa." Akaweka kiazi majini. "Na wewe nilitaka nikushukuru. Tuliona wewe siku hiyo. Mimi nilikuwa na watoto wengine huko nyuma, sikusikia ulisema nini, ilikuwa Kizungu. Lakini nilikuona unalia, unapigana na huyo mzungu kwa sababu ya baba yangu. Katoto kadogo hivyo. Hakuna mtu mwingine alifungua mdomo. Mimi nimewaambia watoto wangu wote hiyo hadithi."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Wanawake wengine walikuwa wanaimba upande wa pili, moshi wa kuni unatuchoma macho, na hakukuwa na mtu wa kunikatiza. Baba alikuwa amekufa, hakuna aliyebaki wa kulindwa isipokuwa mimi. Niliyapanga maneno, nikayahesabu, yalikuwa machache na mepesi na yote nayajua.

"Asante, Nyambura," nikasema, na nikachukua kiazi kingine.